Vipimo vya saikolojia: viaminike lini?

Kila inapotangazwa kwamba asilimia fulani ya wakimbizi, wajawazito au wanafunzi wana sonona, nyuma ya takwimu hiyo kwa kawaida huwapo dodoso: karatasi ya maswali ambayo majibu yake yamegeuzwa kuwa alama.

Alama hizo huamua mengi. Serikali huzitumia kupanga bajeti, wafadhili hutoa au huzuia fedha, na tiba mpya husemwa kuwa inafaa au haifai. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili aliye ughaibuni, zinaweza kuamua kama atapelekwa kwa daktari bingwa au ataambiwa arudi nyumbani.

Ndiyo maana wataalamu, kabla ya kuyajadili matokeo, huuliza kipimo chenyewe kinaaminika kiasi gani.

Njia tatu za kupima kipimo

Mizani ya dukani inayoonyesha kilo mbili asubuhi na kilo tatu jioni kwa mchele ule ule haiaminiki. Dodoso nalo huhukumiwa kwa kanuni hiyo, kwa njia kuu tatu.

Ya kwanza ni kuwauliza watu wale wale tena baada ya siku chache na kulinganisha majibu. Ya pili ni kuona kama wahojaji wawili wanaomsikiliza mtu mmoja wanafikia alama moja.

Ya tatu ni kuchunguza kama maswali ya dodoso yanakwenda pamoja. Hapa hutumika kizio kiitwacho alfa, alichokieleza Mmarekani Lee Cronbach mwaka 1951. Kadiri alfa inavyokaribia 1, ndivyo maswali yanavyoafikiana. Watafiti wengi huridhika ikifika 0.7.

Hata hivyo, alfa ina udhaifu wake. Hupanda maswali yanapoongezwa, na hupanda zaidi swali moja linaporudiwa kwa maneno tofauti. Alfa kubwa mno yaweza kuwa dalili kwamba mhojiwa ameulizwa jambo moja mara kumi.

Mfano kutoka Eldoret

Dodoso la PHQ-9, lililoandaliwa Marekani, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Anayefikisha 10 kwa kawaida huhesabiwa kuwa huenda ana sonona.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilijaribu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya. Alfa ilikuwa 0.78, kiwango cha kuridhisha. Lakini walipoulizwa tena, uwiano wa majibu ya awali na ya pili ulikuwa 0.59 tu.

Tofauti hiyo ina uzito. Tuseme alama za kundi zinatawanyika kwa kiasi cha 5 kutoka kwenye wastani. Kipimo chenye uaminifu wa 0.8 kitakuwa na kosa la kawaida la alama 2 hivi, chenye 0.59, alama 3 na zaidi. Aliyepata 9 leo anaweza kupata 12 wiki ijayo, wala hali yake haijabadilika. Kwa mtafiti anayehesabu wastani wa mamia ya watu, makosa hayo hufidiana kwa sehemu. Kwa mgonjwa mmoja aliye mbele ya daktari, hayana wa kuyafidia.

Kuaminika si uhalali

Mizani inayozidisha nusu kilo kila siku haibadiliki, lakini inadanganya. Vivyo hivyo, dodoso laweza kutoa majibu yale yale daima huku likipima kitu kingine.

Hatari hii huongezeka dodoso linapovuka lugha. Msemaji wa Kiswahili aliyeelemewa aghalabu husema ana mawazo mengi au moyo mzito. Swali lililotafsiriwa neno kwa neno laweza kumpita bila kumgusa.

Nchini Uganda, kabla ya jaribio la tiba ya sonona lililochapishwa mwaka 2003, watafiti waliwauliza kwanza wanavijiji wa Masaka na Rakai wanavyoyaita matatizo hayo wao wenyewe. Walitajiwa hali za kujichukia na kujihurumia, nazo zikaingizwa katika upimaji.

Dar es Salaam nako, utafiti wa mwaka 2002 uliwahoji wajawazito wenye virusi vya UKIMWI kwa dodoso la Hopkins lenye maswali 25. Majibu yalipolinganishwa na mahojiano ya kina ya kitabibu, kikomo kilichofaa kilionekana kuwa chini ya kile cha 1.75 kilichozoeleka kwingineko. Kwa kikomo cha kuazima, baadhi ya wagonjwa wangehesabiwa kuwa wazima.

Maswali ya msomaji

Anayesoma ripoti ya utafiti hana budi kutafuta mambo manne: uaminifu wa kipimo ulipatikana kwa njia gani, miongoni mwa watu gani, kwa lugha gani, na kama kikomo cha alama kilithibitishwa kwa watu wa aina hiyo.

Alfa iliyopatikana kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani ni sifa ya majibu yao. Haisafiri pamoja na karatasi hadi kambi ya wakimbizi Kigoma. Huko, kipimo lazima kipimwe upya.