BAO LA KWANZA SI MWISHO WA MCHEZO
Mashabiki wa Hagadera na Ushindi wa Ufunguzi

Wahenga walisema kwamba nyota njema huonekana asubuhi, na hapana watu waipendao mithali hiyo kuliko mashabiki wa mpira wa miguu. Timu yao ikishinda mchezo wake wa kwanza, huihesabu kuwa imekwisha kulitwaa kombe. Ikishindwa, husema tangu zamani walijua kuwa haifai kitu. Lakini wahenga hao hao walituachia neno jingine, nalo ni kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Katika makala haya twataka kuyapima maneno hayo mawili kwa mfano wa mahali pamoja ambapo mpira wa miguu hupendwa sana, napo ni Hagadera katika Kaunti ya Garissa.

Yafaa kwanza tueleze mahali penyewe, kwa kuwa wasomaji wengi wamesikia jina lake tu. Hagadera, ambayo Wasomali huiita Xagardheer, ni moja ya kambi za wakimbizi zilizo karibu na mji mdogo wa Dadaab, yapata kilomita 100 kutoka mjini Garissa. Ilifunguliwa mwaka 1992, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 na watu kuvuka mpaka kwa maelfu wakikimbia vita na njaa. Kambi tatu za kwanza, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa kuwapokea watu 90,000 kwa jumla; lakini ukame mkubwa wa mwaka 2011 ulipowadia, wakazi wake walikuwa wamepita laki nne. Mahali palipodhaniwa kuwa pa kupumzika kwa muda pamekuwa na soko kubwa, shule, hospitali na misikiti, na watoto waliozaliwa humo sasa ni watu wazima wenye watoto wao.

Nchi ile ni kavu, mchanga wake ni mwekundu, na jua lake halina huruma. Hata hivyo, jioni jua likipoa, penye uwanja wowote usio na miiba utawakuta vijana wameweka mawe mawili kuwa lango na kuanza kucheza. Michezo ya nchi za mbali hutazamwa katika vibanda, na habari za matokeo hupita sokoni upesi kuliko mkokoteni wa punda. Karani aliyekaa nyuma ya meza na mchukuzi aliyebeba magunia hubishana sawasawa juu ya mpira, wala hapana anayemwuliza mwenziwe cheo chake.

USHINDI WA MWAKA 2019

Sasa tuje kwenye ushindi wenyewe. Tarehe 5 Septemba, 2019, timu ya taifa ya Somalia ilicheza na Zimbabwe mchezo wa kwanza wa kutafuta nafasi katika Kombe la Dunia la mwaka 2022. Ingawa Somalia ndio waliokuwa wenyeji, mchezo ulifanyika mjini Djibouti, kwa sababu hali ya usalama mjini Mogadishu haikuruhusu wageni kuchezea huko. Basi wenyeji wakawa wageni katika mchezo wao wa nyumbani, jambo ambalo mkazi wa Hagadera hahitaji kufafanuliwa.

Hapana aliyewatazamia Somalia kushinda. Katika orodha ya timu za dunia walikuwa karibu na mkia, na katika miaka ya nyuma walikuwa wametolewa na Cameroon, na Ghana, na Ethiopia, na Niger, bila kushinda hata mchezo mmoja wa kutafuta nafasi hiyo. Wazimbabwe walikuwa na wachezaji wanaolipwa mishahara katika vilabu vikubwa vya Afrika Kusini na Ulaya. Lakini Wasomali, wakifundishwa na Mghana Bashir Hayford, walilinda lango lao kwa saburi, na zilipobaki dakika chache tu kabla ya filimbi ya mwisho, Anwar Sidali Shakunda akatia bao. Mchezo ukaisha 1–0. Huo ndio ushindi wa kwanza wa Somalia katika michezo ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia tangu walipoanza kushiriki.

Hapana haja ya kueleza kwa kirefu jinsi habari ya namna hiyo ipokelewavyo na watu ambao kwa miaka mingi wamezoea kusikia jina la nchi yao likitajwa kwa mabomu, njaa na maharamia tu. Bendera ya buluu yenye nyota nyeupe ilitajwa siku ile kwa jambo jema, tena na watu wasiokuwa Wasomali. Kwa kijana aliyezaliwa kambini, ambaye Somalia huijua kwa masimulizi ya mama yake, bao lile lilikuwa kama barua itokayo kwa ndugu ambaye hajapata kumwona.

SIKU TANO BAADAYE

Lakini mashindano yale yalikuwa ya michezo miwili, na mabao ya yote mawili hujumlishwa. Tarehe 10 Septemba timu hizo zilikutana tena mjini Harare. Kwa zaidi ya saa nzima hapakuwa na bao. Wazimbabwe wakapata la kwanza katika kipindi cha pili, na Wasomali wakasawazisha, zikiwa zimesalia dakika chache. Ikumbukwe kwamba siku zile sheria iliyapa uzito zaidi mabao yaliyofungwa ugenini, ikiwa jumla ya mabao imelingana. Kwa hiyo Zimbabwe walihitaji mabao mawili mengine, na saa ilikuwa inakwisha. Walipopata moja mwishoni mwa mchezo, jumla ilikuwa 2–2, na Somalia walikuwa bado wanaongoza kwa sheria hiyo. Ndipo Khama Billiat alipofunga katika dakika za nyongeza, ikawa 3–1 siku ile, na 3–2 kwa jumla. Safari ya Somalia ikakoma hapo.

Katika saa kama hiyo ndipo shabiki hujulikana. Wako wasemao kwamba ushindi wa kwanza ulikuwa wa bahati tu, na wako wamtafutao mtu wa kumlaumu, ama mlinda lango, ama mwalimu, ama mwamuzi. Sisi twasema kwamba watu hao hawakuhesabu vema. Timu ambayo hapo awali haikupata kushinda mchezo wa namna hiyo iliikaribia raundi ya pili hata ikabaki dakika moja au mbili. Mkulima ambaye shamba lake halikupata kutoa kitu miaka kumi, akivuna debe moja mwaka huu, hasemi kwamba ardhi imemdanganya. Husema ardhi imeanza kujibu, naye hununua jembe jipya.

JIRANI NAYE ALISHANGILIA

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwezi wa Agosti, 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilikaribisha kwa pamoja mashindano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Tanzania walifungua mashindano kwa kuwashinda Burkina Faso 2–0 mjini Dar es Salaam. Siku ya pili yake, tarehe 3 Agosti, Harambee Stars ya Kenya, ambayo haikupata kushiriki mashindano hayo kabla ya hapo, iliwashinda Kongo 1–0 katika uwanja wa Kasarani, kwa bao la Austin Odhiambo lililofungwa mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Kongo hawakuwa timu ya mchezo, kwani walikwisha kulitwaa kombe hilo mara mbili, mwaka 2009 na mwaka 2016.

Furaha ya Wakenya haikuwa na kifani, wala haikuwa ya bure, maana vijana wa Bwana Benni McCarthy walikwenda sare na Angola, wakawashinda Morocco na Zambia, wakamaliza wa kwanza katika kundi lao. Lakini tarehe 22 Agosti walitolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti, baada ya sare ya 1–1. Morocco, wale wale waliofungwa na Kenya, ndio waliolichukua kombe mwishowe. Basi aliyeshinda mwanzo hakushinda mwisho, na aliyeteleza njiani ndiye aliyefika.

Jambo jingine la kusikitisha lilionekana katika mashindano hayo. Baadhi ya watazamaji waliingia uwanjani kwa nguvu bila tikiti, na Shirikisho la Mpira la Afrika likaitoza Kenya faini, na hata likapunguza idadi ya watazamaji walioruhusiwa Kasarani hadi 27,000. Hivyo watu wachache wasio na subira waliwanyima nafasi wenzao waliokuwa tayari kulipa. Shabiki wa kweli huisaidia timu yake kwa sauti na kwa adabu. Akivunja lango la uwanja, huwa amefunga bao katika goli lake mwenyewe.

BENDERA MBILI, UWANJA MMOJA

Mtu aweza kuuliza: Je, mkazi wa Hagadera ashangilie timu gani? Swali hili si la mchezo tu. Katika wilaya za Fafi na Dadaab wako Wakenya wenyeji na wako wakimbizi, nao husema lugha moja, husali msikiti mmoja na kuuziana mbuzi katika soko moja. Lakini mmoja ana kitambulisho cha Kenya na mwenziwe hana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa baba yake au mama yake ni raia. Kuzaliwa katika ardhi ya Kenya peke yake hakutoshi. Na sheria za mpira wa dunia zadai kwamba mchezaji wa timu ya taifa awe raia wa taifa hilo. Kwa hiyo vijana wawili waliokua wakipigiana pasi katika mchanga ule ule wa Hagadera, mmoja aweza kutumaini kuivaa jezi ya Harambee Stars, na mwenziwe hawezi, hata akiwa hodari kuliko yeye.

Wako waliopata njia nyingine. Awer Mabil alizaliwa mwaka 1995 katika kambi ya Kakuma, Turkana, na wazazi waliokimbia vita vya Sudan. Mwaka 2006 alihamia Australia pamoja na jamaa zake, akapata uraia wa huko, na mwaka 2022 alikuwa miongoni mwa wachezaji wa Australia waliokwenda Qatar katika Kombe la Dunia. Habari yake ni njema, lakini yatufundisha pia kwamba ilimbidi avuke bahari ndipo kipaji chake kipate nchi ya kukipokea. Hawezi kila mtoto wa kambini kuvuka bahari, wala nafasi za kupelekwa nchi za mbali si nyingi.

Ndiyo sababu ushindi wa Somalia wa mwaka 2019 una maana kubwa kwa Hagadera kuliko mabao yenyewe. Kijana wa huko mwenye kuthibitisha uraia wa Somalia ana timu ambayo ana haki ya kuichezea, na timu hiyo imekwisha kuonyesha kwamba yaweza kushinda. Kwa upande wa Kenya nako mambo yanasogea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwezi wa Machi, 2025, zimekusudia kuzigeuza kambi polepole ziwe makao ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia pamoja shule, hospitali na masoko. Twasema viwanja vya michezo navyo visisahauliwe, kwani uwanja mmoja uliosawazishwa vizuri hupatanisha watu upesi kuliko mikutano kumi.

MAMBO MATATU YA KUSHIKA

Kwa kumalizia, twapenda kuwashauri mashabiki wa Hagadera, na wa kila mahali, mambo matatu.

Kwanza, furahini timu ikishinda, lakini msiigeuze furaha kuwa deni. Siku hizi vijana wengi, ushindi mmoja ukitokea, huchukua akiba yao wakaiweka katika michezo ya kubahatisha, wakiamini kwamba aliyeshinda leo atashinda na kesho. Waliofanya hivyo baada ya Djibouti waliumia Harare. Karani hafungi hesabu ya mwezi tarehe mosi, na mkulima hauzi mahindi kwa sababu ameona wingu.

Pili, waliotoka uwanjani wameshindwa wapokeeni kama mlivyowapokea waliposhinda. Mchezaji anayezomewa kwa kosa moja huogopa kuomba mpira siku nyingine, na timu ya waoga haifungi bao.

Tatu, na hili ndilo kubwa, anzeni nyumbani. Ushindi wa taifa hutoka kwenye viwanja vidogo, na si kinyume chake. Mwalimu wa shule anayekaa saa moja zaidi jioni kuwafundisha watoto, mwenye duka anayetoa mpira mmoja kwa mwaka, mzazi anayemruhusu binti yake acheze na wenziwe mahali penye heshima na usalama, wote hao wanaijenga timu ya miaka kumi ijayo.

Dalili ya mvua ni mawingu. Watu wa Garissa wanajua kuliko wengine kwamba si kila wingu hunyesha, lakini wanajua pia kwamba akionaye wingu na asiisafishe silanga yake, mvua ikija haitamfaa kitu. Ushindi wa kwanza ni wingu. Yaliyobaki ni kazi ya majembe.