Usukani wa Mkiani wa Ndege Ndogo Baada ya Kupakwa Rangi Upya

Katika pwani ya Cabo Delgado, kisiwa cha Ibo hufikiwa kwa chombo cha majini au kwa ndege ndogo. Chumvi ya bahari hula alumini, hivyo rangi ya ndege ni kinga kabla ya kuwa pambo.

Ndege iliyopakwa rangi upya ikivuta upande, kigololi cha kipimo cha mgeuko hukaa kando ilhali mabawa yamelala sawa. Fundi hushawishika kukunja papo hapo kibati kilicho ukingoni mwa usukani. Hapo ndipo penye hatari. Rangi iliyozidi nyuma ya bawaba huhamisha uzito, na usukani uliopoteza mlingano huweza kupapatika katika mwendo wa kasi hadi ukavunjika. Basi mlingano upimwe kwanza kwa viwango vya mtengenezaji, kisha nyaya na mapezi ya mabawa. Kibati kiwe cha mwisho. (Mara nyingine kimepindwa tu na mkono wa aliyekuwa akikwangua rangi ya zamani.) Kigololi kikikaa kulia, kibati hukunjwa kushoto, kidogo kidogo, na ndege hujaribiwa angani kila mara.

Mamlaka za usafiri wa anga zisiruhusu ndege hiyo kubeba abiria kabla kipimo cha mlingano hakijaandikwa katika daftari lake la matengenezo.