Barabara yako iko chini ya nani, na inaingiaje kwenye mpango?

Kila mvua ikinyesha, ofisi za wadi hupokea malalamiko yale yale. Kalvati limezibwa, matatu zimeacha kufika sokoni, bodaboda wamepandisha nauli maradufu, mgonjwa amebebwa kwa machela hadi kwenye lami. Wakazi huja na picha kwenye simu. Mara nyingi jibu wanalopata ni kwamba barabara hiyo "si yetu", au kwamba "haiko kwenye mpango". Majibu hayo huudhi, na mtu ana haki ya kuudhika akitumwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Lakini yote mawili yana msingi wa kisheria, na mkazi anayeujua msingi huo hupata njia ya kusukuma jambo lake.

Tuanze na "si yetu". Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi za uchukuzi kati ya serikali mbili. Serikali ya kitaifa ilipewa barabara kuu za taifa, reli, usafiri wa anga na sheria za trafiki, pamoja na kuweka viwango ambavyo kaunti lazima zifuate zinapojenga na kukarabati barabara zao. Kaunti zilipewa barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, na vivuko na bandari ndogo, bila kugusa usimamizi wa meli za kimataifa na za kitaifa.

Barabara ipi ni ya nani? Hapo ndipo herufi huingia. Mwezi wa Januari 2016 serikali ya kitaifa ilichapisha mgawanyo mpya katika Gazeti Rasmi. Takriban kilomita 161,000 za barabara ziliorodheshwa, na kati ya hizo kama 40,000 zilibaki kwa taifa na 121,000 zikawa za kaunti. Barabara za daraja la S, A, B na C ni za kitaifa. Kuanzia D kushuka, ni za kaunti. Barabara ya A8 itokayo Mombasa kupitia Nairobi hadi Malaba, au A2 iendayo Moyale, zinaweza kupita katikati ya soko lenu, lakini greda la kaunti halina ruhusa ya kuzigusa.

Za kitaifa nazo zimegawanywa tena. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa barabara za kitaifa zilizo mijini, na KeRRA kwa zile za mashambani. Sheria hiyo ilipitishwa kabla ya kaunti kuwapo, na sehemu kubwa ya mvutano tunaouona leo inatokana na hilo. Magavana na wabunge wamefikishana mahakamani kuhusu ushuru wa ukarabati wa barabara, ule unaokatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli na kusimamiwa na Bodi ya Barabara ya Kenya. Tangu Julai 2024 ushuru huo ni shilingi 25 kwa lita. Hoja ya magavana ni rahisi kueleweka: ikiwa kaunti zilikabidhiwa sehemu kubwa ya barabara, fedha zifuate kazi. Wabunge nao husema fedha hizo ni za kitaifa na zina wasimamizi wake kisheria. Mkazi anayesubiri kalvati hanufaiki na ubishi huo, na si haki afichwe kwamba upo.

Njia ya haraka ya kujua mwenye barabara ni kusoma kibao cha mradi ikiwa kipo, au kumuuliza msimamizi wa wadi namba ya barabara. Jibu lisipopatikana, andika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na huhitaji kueleza kwa nini unauliza.

Sasa "haiko kwenye mpango". Wengi hudhani hiki ni kisingizio cha afisa mvivu. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango uliotayarishwa na kamati tendaji ya kaunti na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Kwa hivyo barabara ambayo haijatajwa kwenye mpango haiwezi kupewa hata shilingi moja kihalali, hata gavana aiahidi jukwaani.

Mipango hiyo ni kadhaa na inafungamana. Mkubwa ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, wa miaka mitano. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027, na unaofuata utatayarishwa baada ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Kando yake uko mpango wa matumizi ya maeneo, wa miaka kumi, unaoonyesha kwa ramani wapi patakuwa mji, shamba, soko na njia. Iko pia mipango ya sekta, ya miaka kumi, na mipango ya miji. Ule wa maeneo husomwa na wachache sana, na wanaousoma kwa makini ni wanunuzi wa ardhi. Ukitaka kujua kama barabara itapita karibu na shamba lako kabla hujaweka msingi wa nyumba, huo ndio wa kuomba kuuona.

Kutoka mpango wa miaka mitano hukatwa kipande cha mwaka mmoja mmoja, yaani Mpango wa Maendeleo wa Mwaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka upelekwe kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na uchapishwe kwa wananchi ndani ya siku saba. Mwaka wa fedha unaohusika huanza Julai inayofuata. Hapa ndipo wakazi wengi hupoteza nafasi bila kujua. Wanajitokeza kwa wingi Mei, bajeti inapojadiliwa, ilhali orodha ya barabara iliamuliwa miezi tisa nyuma na walikuwa hawapo.

Ifikapo Februari 28 taarifa ya sera ya fedha huwa imepelekwa bungeni, nayo huweka kikomo cha fedha za kila idara, ikiwemo ya barabara. Makadirio ya bajeti hufuata kabla ya Aprili 30, na Juni 30 huwa bajeti imepitishwa. Mei bado unaweza kuzungumza, na ni vyema uzungumze, lakini sheria inasema nyongeza yoyote ya matumizi lazima ilipwe kwa kupunguza mahali pengine. Kijiji kinachoomba kilomita mbili mwezi huo kwa kweli kinaomba kijiji kingine kinyang'anywe. Agosti ombi hilo hilo halimdhuru mtu.

Dharura zina mlango wao. Daraja likisombwa na mafuriko, kaunti inaweza kutumia hazina ya dharura iliyoidhinishwa na bunge la kaunti, kwa sharti kwamba jambo hilo halikutarajiwa. Barabara iliyoharibika polepole kwa miaka sita haihesabiki hapo.

Vipi barabara inayovuka hadi kaunti jirani? Kila kaunti hupanga ndani ya mpaka wake, ndiyo maana changarawe hukoma ghafla kwenye kijito na ng'ambo kuna mashimo matupu. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu serikali kushirikiana na kuunda kamati au mamlaka za pamoja. Mfano mkubwa ni Mamlaka ya Uchukuzi ya Eneo la Nairobi, iliyoundwa kwa agizo la rais mwaka 2017 na inayohusu Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Nje ya hapo ushirikiano hutegemea makubaliano ya kaunti zenyewe. Wakazi wa pande zote mbili wakipeleka ombi la barabara ile ile, kila upande kwa bunge lake, huwa vigumu kwa idara mojawapo kusema jirani hayuko tayari.

Ushirikishwaji wa umma katika mipango hii ni lazima. Kifungu cha 115 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinasema hivyo wazi, na mahakama zimewahi kubatilisha sheria za kaunti kwa kukosa kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 88 kinampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake, na cha 89 kinaibebesha kaunti wajibu wa kujibu. Ombi la mdomo kwenye baraza hupotea karani asipoandika.

Maombi ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupokelewa katika ofisi za wasimamizi wa wadi. Taja jina la barabara au alama zinazojulikana, inapoanzia na inapoishia, urefu wake kwa makadirio, na nani wanaoitumia: shule, zahanati, soko, wafugaji wanaopeleka maziwa. Eleza pia ubovu uko sehemu gani hasa, maana mara nyingi kinachohitajika ni kalvati mbili na mtaro, na hizo hupata fedha mapema kuliko kilomita kumi za lami. Baki na nakala iliyopigwa muhuri na kuandikwa tarehe. Mpango ukichapishwa Septemba, tafuta jina la barabara yako humo, na usipoliona nenda na nakala hiyo kwa mwakilishi wadi wako kabla bunge la kaunti halijauidhinisha.