Kingamwili Nyingi, Kinga Kidogo

Mwezi Julai 2024 kampuni ya HilleVax ya Marekani ilitoa majibu yaliyowavunja moyo wengi. Chanjo yake dhidi ya norovirusi, kirusi kinacholeta kutapika na kuhara duniani kote, ilikuwa imejaribiwa kwa watoto wachanga wapatao 3,000. Ufanisi wake ulikuwa asilimia 5 tu. Majaribio yaliyotangulia yalikuwa yameonyesha kingamwili zikipanda vizuri katika damu ya watoto waliochanjwa.

Kingamwili hizo zilipimwaje? Norovirusi ya binadamu iligoma kuoteshwa vizuri maabara hadi mwaka 2016, kwa hiyo watafiti wamezoea kutumia maganda matupu. Protini ya nje ya kirusi hutengenezwa ndani ya seli za wadudu, ikajipanga yenyewe kuwa umbo kamili lisilo na vinasaba. Maganda hayo hupakwa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, kisha seramu, yaani maji ya damu, ya aliyechanjwa humiminwa juu yake. Kingamwili zinazoyatambua hunasa, na kimeng'enya kinachoongezwa baadaye huleta rangi. Seramu huzimuliwa tena na tena mpaka rangi ipotee. Kadiri inavyostahimili kuzimuliwa, ndivyo kingamwili zinavyohesabiwa kuwa nyingi.

Shida ni kwamba kipimo hiki huhesabu kila kingamwili iliyonasa, hata iliyonasa mahali pasipomdhuru kirusi.

Dalili za shida hiyo zilionekana mapema. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1977, watu 12 waliojitolea walinyweshwa kirusi cha Norwalk, norovirusi ya kwanza kugunduliwa. Sita waliugua. Zaidi ya miaka miwili baadaye walinyweshwa tena, wakaugua wale wale sita. La kushangaza, waliosalimika ndio waliokuwa na kingamwili chache! Maelezo yalipatikana miaka mingi baadaye: ili kuingia mwilini, kirusi hushika sukari fulani za utumbo zenye uhusiano na makundi ya damu. Wapo watu ambao jeni yao iitwayo FUT2 haifanyi kazi, hawana sukari hizo kwenye utumbo, na aina nyingi za norovirusi hazipati pa kushika. Mwili usioambukizwa hauna sababu ya kutengeneza kingamwili.

Hapo ndipo kilipozaliwa kipimo ninachokiamini zaidi. Maganda huchanganywa kwanza na seramu, ndipo yakamiminwa kwenye sahani iliyopakwa sukari zile, mara nyingi kutoka kwenye ute wa tumbo la nguruwe. Kinachotafutwa ni kiwango cha mwisho cha kuzimua ambapo seramu bado inazuia nusu ya maganda yasishike. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba watu wenye kingamwili za kuzuia namna hii waliugua kwa uchache zaidi walipoambukizwa kwa makusudi.

Hata hivyo, damu si utumbo. Ndiyo maana kampuni ya Vaxart, inayojaribu chanjo ya kidonge, hupima pia IgA, kingamwili ya kwenye ute, katika mate na kinyesi. Tena aina ya GII.4, iliyosumbua zaidi kwa miaka mingi, imekuwa ikibadilika kila baada ya miaka michache. Kingamwili za aina ya jana huenda zisiizuie ya kesho.

Basi msomaji, ukisikia chanjo fulani imepandisha kingamwili mara kumi, uliza kwanza kama zinamzuia kirusi asishike, na kama zimefika utumboni.