Nani humzuru anayeuguza?

Ndugu Waislamu, miongoni mwa haki za Muislamu kwa nduguye ni kumzuru anapougua. Haki hii twaijua, na wengi wetu twaitekeleza: twabisha hodi, twaomba dua, twaacha kidogo tulichojaaliwa, twaondoka. Lakini yule aliyetufungulia mlango, aliyekesha usiku kucha akimgeuza mgonjwa ubavu, ni nani amzuruye?

Jina la Kariakoo latukumbusha jambo hili. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walibeba mizigo ya vita, na wengi wao hawakumbukwi hata kwa majina. Leo mitaa ya Kongo, Swahili na Msimbazi imejaa watu hata pa kukanyaga hakuna. Juu yao, katika ghorofa ya tano au ya sita, yumo mpagazi mwingine asiyeonekana: binti anayemlea mama aliyepooza, au mke anayemuuguza mume. Hana mshahara wala likizo.

Zamani nyumba za hapa zilikuwa na baraza mbele na ua nyuma. Anayeuguza alipika uani pamoja na wapangaji wenziwe, sikio likiwa chumbani kwa mgonjwa, na aliyepita barazani alisalimu na kuuliza hali. Nyumba nyingi za namna hiyo zimevunjwa kupisha maghorofa. Baraza limekwenda, na salamu zimekwenda nalo. Mtu aweza kusikia kelele za soko kutwa nzima, asizungumze na yeyote ila mgonjwa wake.

Twaona kwamba sehemu ya baraza hilo yaweza kurudi kwa njia ya simu ya mkononi, ambayo tumekwisha kuizoea kwa fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, kaka aliye Mwanza humtumia dada yake fedha za dawa kabla chai haijapoa. Ni jambo jema. Hatari yake ni kwamba muamala ukifika, mtumaji huona amemaliza wajibu. Kumbe fedha imefika, mtu hajafika. Surat Al-Israa, aya ya 23 na ya 24, yatuamrisha wema kwa wazazi wanapozeeka, na amri hiyo haikumhusu mtoto mmoja tu aliyebaki nyumbani.

Basi tufanye mambo matatu. Kwanza, kundi la familia katika WhatsApp liwe la kupangana zamu, si la kupeana pole tu: nani atakaa na mgonjwa Jumamosi ili dada atoke, nani atampeleka kliniki. Aliye mbali ashike zamu ya kupiga simu kwa saa maalumu, amsikilize anayeuguza, asiulize hali ya mgonjwa kisha akakata.

Pili, wanaouguza wa mtaa mmoja waunganishwe katika kundi dogo lao wenyewe. Ujumbe wa sauti wafaa hapa, kwani mikono iko kazini. Na usiku wa manane anayekesha humpata mkeshaji mwenzake. Asiye na simu ya intaneti apigiwe.

Tatu, vifurushi vina gharama. Kumnunulia anayeuguza ni sadaka.

Haya yote yana adabu zake. Siri ya mgonjwa isitoke, picha zake za kitandani zisirushwe, wala dawa zisizothibitishwa na daktari zisisambazwe.

Hata hivyo, simu haifui shuka. Kazi yake ni kutuita tupande ngazi.

Wanazuoni wameeleza habari za Uwais Al-Qarni wa Yemen, ambaye huduma ya mama yake ilimzuia kuonana na Mtume (s.a.w.). Lakini Mtume alimtaja kwa wema mbele ya Masahaba, na baadaye Sayyidna Umar (r.a.) akawa akiuliza habari zake kwa watu waliokuja kutoka Yemen, hata akampata, akamwomba amuombee maghufira. Umar hakungoja kuitwa, alimtafuta.

Ndugu zetu, leo baada ya swala ya Ijumaa, kila mmoja wetu na amtafute Uwais wa jengo lake. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowauguza. Amin.