Neno "mono" na kunde zako shambani

Nikizunguka Handeni na Muheza, swali hili halikosi: "Bwana shamba, niliambiwa dawa hii ya magugu haiui mahindi. Mbona imeniulia kunde?" Jibu limo kwenye neno dogo la Kigiriki, mono, maana yake moja.

Wataalamu huita monokoti mimea ambayo mbegu yake ina jani changa moja ndani. Yenye mawili ni daikoti. Hata jikoni utaona. Loweka kunde usiku kucha, kisha imenye: inaachana vipande viwili, na hayo ndiyo majani yake mawili. Punje ya hindi haiachani hivyo.

Monokoti: mahindi, mpunga, mtama, migomba, minazi na mkonge.

Daikoti: kunde, maharage, mbaazi, muhogo, mipapai, michungwa na mikorosho.

Sasa tuje kwenye dawa. 2,4-D huua magugu ya majani mapana, yaani daikoti, na huyaacha mahindi ukifuata kipimo na wakati ulioandikwa kwenye kibandiko. Lakini haijui kwamba kunde umezipanda wewe; kwake ni jani pana tu. Kwa hiyo shamba la mchanganyiko palilia kwa jembe. Dawa ya fluazifop ni kinyume chake: inaua nyasi, na mahindi ni jamii ya nyasi, nayo yataondoka. Glaifoseti haichagui, inaua yote.

Usidhani kila monokoti iko salama na 2,4-D. Angalia zao lako limetajwa kwenye kibandiko. Piga asubuhi hewa ikiwa imetulia. Upepo wa bahari ukianza, dawa itahamia kwenye muhogo wa jirani, na hapo ni kesi. Bomba lioshe vizuri kabla ya kupigia nyanya.

Mono nyingine ni monokarpi: mmea unaochanua mara moja maishani, kisha unakufa. Mkonge, ulioletwa huku na Richard Hindorf mwaka 1893, ndivyo ulivyo. Ukiona umetoa mti mrefu wa maua halafu unakauka, usihangaike kununua dawa. Siyo ugonjwa, umri wake umekwisha.

Ukifika duka la pembejeo, mtajie muuzaji mazao yote yaliyomo shambani, siyo mahindi peke yake. Kazi njema.