Sungura wa Malkia na Mbwa wa Mwami: Kinaya katika Ugomvi wa Ikulu

Ramsa na tanzia hufundishwa mara nyingi kama tanzu mbili zisizochanganyika. Hata hivyo, ziko kazi zinazomchekesha mtazamaji na papo hapo kumtia simanzi, na nyingi kati yake huchimbuka katika ikulu za wafalme. Filamu ya The Favourite, iliyoongozwa na Yorgos Lanthimos na kutolewa mwaka 2018, ni mojawapo. Makala haya yanaieleza filamu hiyo sambamba na kisa kilichotukia kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Uvira, ili kuonyesha kwamba kicheko cha namna hii hakitokani na vituko vya wahusika tu, bali na muundo wa utawala wenyewe.

Filamu inahusu ikulu ya Malkia Anne, aliyetawala Uingereza kuanzia 1702 hadi 1714. Malkia anaumwa jongo. Ameshika mimba 17 na hana mtoto aliye hai. Chumbani mwake anafuga sungura 17, mmoja kwa kila mtoto aliyempoteza. Sarah Churchill, rafiki yake wa tangu ujana, ndiye anayemwamulia mambo ya nchi. Abigail Hill, jamaa maskini wa Sarah, anaingia kama mtumishi wa jikoni, na kwa hila anamng'oa bibi yake. Wakati huo nchi iko vitani na Ufaransa. Mabwana wakubwa wanashindanisha mabata mbio, huku kodi ya vita ikitegemea ni nani aliyemkanda malkia miguu usiku. Sungura ni ubunifu wa filamu. Lakini kwamba Sarah alivuliwa vyeo mwaka 1711, na mumewe, jemadari wa jeshi, akaachishwa kazi mwishoni mwa mwaka huohuo, ni historia.

Ng'ambo ya mto Ruzizi, mnyama hakuhitaji kubuniwa na mwandishi wa filamu. Mwezi Gisabo, mwami wa Burundi tangu katikati ya karne ya 19, alikuwa amemzuia Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji ambaye nguvu zake zilifika Uvira, asiiteke nchi yake. Mwami huyo aliyemshinda adui wa nje aliyumbishwa na watu wa nyumbani. Mkwewe, Maconco, alimwasi, na sababu inayotajwa katika masimulizi ni mbwa. Sura za kisa hutofautiana, ila mbwa hakosekani. Mpinzani wa pili, Kilima, alijidai mjukuu wa Mwami Ntare. Husimuliwa kuwa alitokea kwa Wafuliiru, magharibi ya Ruzizi, katika eneo ambalo leo limo ndani ya utawala wa Uvira.

Wote wawili walitafuta msaada wa Wajerumani wa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe alimshambulia Mwezi kinyume cha maagizo ya wakubwa wake. Tarehe 6 Juni, huko Kiganda, mwami alikubali kulipa faini ya ng'ombe 424 na kuwatambua Maconco na Kilima kuwa watawala wasio chini yake. Kisha kinaya kikaanza. Beringe aliondolewa, kwa kuwa wakubwa wake waliona heri mwami mmoja mwenye nguvu kuliko watatu dhaifu. Mwaka 1905 Maconco aliuawa na Wajerumani haohao. Mwezi alirudishiwa heshima yake, akafa mwaka 1908 akiwa mwami wa nchi ambayo haikuwa tena mkononi mwake.

Methali husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika visa hivi viwili fahali ni mmoja. Wengine wanagombea kukaa karibu na pembe zake. Pale ambapo upendeleo wa mtu mmoja ndio cheo, mbwa na sungura si vitu vidogo, bali ni vipimo vya ukaribu. Mtazamaji hucheka kwa kuona kipimo kidogo kikipima jambo zito.

Tofauti ni katika miisho. Filamu inafungia chumbani: Abigail anamkandamiza sungura kwa mguu, kisha analazimishwa kumkanda malkia, na hapo anatambua kwamba angali mtumishi. Uwanja wa vita hauonyeshwi. Pwani ya Tanganyika, kwa upande wake, imeyaona yaliyofuata. Ushindani wa Wabezi, wazao wa Mwezi, na Wabatare, wazao wa Ntare, haukuisha na Kilima. Tarehe 13 Oktoba 1961 Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa, alipigwa risasi hotelini Usumbura. Januari 1963 wana wawili wa mtemi Baranyanka wa Wabatare walinyongwa kwa kosa hilo. Na katika Bonde la Ruzizi, kaskazini mwa Uvira, mwami wa Warundi aliuawa Aprili 2012, baada ya miaka mingi ya mzozo juu ya kiti chake.

Basi mhakiki asiishie kuuliza ni nani aliyeshinda ikuluni. Inafaa aulize pia ni nani aliyelipa wale ng'ombe 424, kwani hao hawakutoka katika zizi la Maconco, na mlipaji wao hana jina katika masimulizi ya mbwa.